Mawe Meupe Barazani

Jumatatu, 2 Desemba

Gundi imekwisha na mgongo wangu pia. Tangu alasiri nabandika picha kwenye kadi: jani refu, unyoya, mbegu, kitu kinachonukia. Kesho watoto wanatoka nje na vikapu vyao. Mchezo nauita Tafuta Ulete. Unapewa kadi, unaangalia picha, unakwenda kutafuta, unaleta. Wanajifunza rangi, ukubwa na hesabu bila kufungiwa ndani na joto hili. Nimeutoa kwenye semina ya mjini Chake. Wenzangu walisinzia semina nzima, mimi niliandika mpaka wino ukaisha.

Skuli imefungwa. Hawa wa maandalizi nimewaita mwenyewe, kambi ya likizo, asubuhi tu. Wanakijiji wanasema mwalimu Saada ana wazimu wa mjini. Kwetu Tibirinzi nako ni mji! Lakini ukitoka Chake ukaletwa Micheweni, basi wewe ni wa mjini, umeshapigwa muhuri.

Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya wazazi. Afisa wa wilaya kasema atakuja. Nataka aone. Nani ananisikia hapa? Nataka anisifu.

Bi Raya kaniletea muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Ndiye mwenye nyumba, mimi nimepanga chumba cha mbele, chenye baraza. Maji ya bahari yakitoka yuko kwenye mwani wake, yakijaa yuko jikoni, na chakula changu hakisahau. Alifiwa na mtoto mchanga Ramadhani iliyopita, kabla sijahamia. Hajanieleza, sijamuuliza. Naona vibaya kuuliza.

Jumanne, 3 Desemba

Manyoya kumi na moja, mengi ya kuku wa jirani, na kuku mmoja nusura atolewe uhai kwa ajili ya elimu. Kitu kinachonukia: karafuu, mrehani, na kipande cha sabuni ambacho nadhani mama mtu anakitafuta mpaka sasa. Nimecheka. Siku nzuri.

Jumatano, 4 Desemba

Leo mawe meupe, ya kuhesabia. Ardhi ya huku ni mawe tupu, lakini ni yale meusi yenye meno, ukianguka unachunika. Meupe ya mviringo ni ya kutafuta. Ndiyo maana nikayachagua.

Wengi walileta vipande vya tofali. Mize aliniletea mawili ya kahawia. Huyu Mize ni kitoto cha miaka mitano, kidogo kwa umbo, ushungi wake siku zote umeteleza kisogoni. Nilimrudisha. Nikamwambia haya si meupe, nenda kule mbele, utafute meupe kabisa, mazuri kuliko ya wote. Nikamwonesha kwa mkono, nyuma ya skuli, kwenye vichaka.

Alikawia. Akatokea upande wa njia ya makaburini, ushungi kaufanya mfuko. Mawe yote meupe, laini, kama mayai ya njiwa. Hata mchanga hayana. Niliwapigisha wenzake makofi. Mize alisimama kidevu juu, na yeye kwa kawaida hata jina lake halitaji kwa sauti.

Kesho nayatia nambari kwa ile rangi ya buluu iliyobaki ya milango. Afisa atafurahi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeyatia nambari, moja mpaka kumi. Buluu juu ya nyeupe, yanapendeza. Nikayapanga barazani yakauke.

Bi Raya karudi kutoka pwani na furushi la mwani kichwani. Nikamwita aje aone kazi ya wanafunzi wangu. Akatua furushi. Akachukua moja, lenye nambari nne. Rangi ilikuwa mbichi, ikamganda kidoleni. Akaligeuza, akalitazama chini, akaliweka. Akachukua jingine. Kisha akaingia ndani, na mwani akauacha njiani.

Nikadhani kachoka.

Chakula cha jioni hakikuja.

Ijumaa, 6 Desemba

Baada ya sala ya Ijumaa mumewe kaja barazani. Faki, fundi wa matofali, mtu mpole, kanzu bado mwilini. Hakukaa.

Yale mawe yametoka kwenye kaburi la mtoto wao.

Nayaandika aliyonieleza, maana kichwani yanazunguka. Wanawake hawaendi mazikoni. Mwanawe alipochukuliwa, Bi Raya alibaki ndani na wanawake wenzake. Hakuona shimo wala mchanga. Basi alipoanza tena kwenda kwenye mwani, kila maji yakitoka akaokota jiwe jeupe, akaja nalo nyumbani, akaliosha kwa maji baridi ya kunywa. Yalipotimia, Faki akayachukua akayapanga juu ya kaburi. Kibao hakipo. Hiyo ndiyo sehemu yake katika maziko ya mwanawe, na nyingine hana.

Mimi nimeyatia nambari kwa rangi ya mlango. Nikayaanika barazani kwake. Nikamwita aje aone.

Faki aliniambia, "Mwalimu, miye sina ugomvi na ntu. Nataka kujua tu, nani kayatoa kwa mwanangu?"

Nikasema ni Mize.

Ni kweli. Ni yeye aliyeyaleta. Nani aliyemrudisha alipokuja na ya kahawia, nani aliyenyoosha mkono, nani aliyepiga makofi, hayo sikuyasema. Nilimwona anatokea njia ya makaburini. Hilo nalo sikulisema. Jina la mtoto lilinitoka haraka, kama kitu cha moto unachokitupa kwa aliye karibu.

Faki akashukuru. Kanishukuru mimi!

Jumamosi, 7 Desemba

Bi Mkasi kampiga Mize. Ni bibi yake, ndiye anayemlea, mama mtu yuko Unguja. Nyumba yao iko nyuma ya hii yetu, ukuta wa makuti katikati. Nilisikia bakora. Nilisikia na mtoto, akisema jina langu. "Mwalimu! Mwalimu!" Sijui alikuwa ananiita au anajieleza.

Nilikaa kitandani na mikono mapajani.

Mimi ni mtu mbaya. Naliandika nilione.

Jumatatu, 9 Desemba

Mize hakuja. Wenzake wanamwita mwizi wa maiti. Wamebuni na mchezo: mmoja analala chini kafumba macho, wengine wanamnyang'anya mawe, akifumbua macho wanakimbia. Niliwakataza kwa ukali mpaka mmoja akalia. Ukali ninao kwa wadogo, huo haunipungui.

Bombani wanawake hawana jingine. Wanasema mtoto aliyeingiza mkono kaburini hachezewi, lazima asomewe. Bi Mkasi kampeleka kwa Maalim, akaandikiwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, akanyweshwa. Mmoja akaniambia, pole mwalimu, umepata mtihani, watoto wa siku hizi hawana haya.

Nikaitika. Nikajitwika ndoo yangu nikarudi.

Uso umeumbwa na haya, wazee walisema. Wangu umeumbwa na nini?

Jumanne, 10 Desemba

Mafuta ya taa. Kisu. Mchanga. Rangi haitoki, inaingia ndani zaidi. Jiwe la nambari saba nimelikwaruza, sasa lina kovu. Nimeacha.

Yamo ndooni chini ya kitanda changu. Faki hajaja kuyachukua. Nadhani mkewe hajamwambia ayachukue. Bi Raya namsikia anatoka, anaingia. Salamu anaitikia. Chakula hakiji, na wala sistahili, lakini njaa haijui hilo. Nimekula biskuti.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwenda kwa Bi Mkasi. Nilijiambia leo nasema. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikachukua na pakiti ya biskuti, kana kwamba mtoto ana homa.

Mize alikuwa uvunguni. Siku hizi anakaa humo. Usiku anajikojolea, na alishaacha zamani. Nikainama nikamwita. Nikaona macho tu na ncha ya ushungi.

Akaniuliza, "Mwalimu, kile kitoto kitakuja kuyafuata mawe yake?"

Nikamwambia hakiji.

"Lakini miye ndo n'lokiibia."

Hapo. Hapo ndipo pa kusema. Hukuiba, Mize, nilikutuma. Maneno mafupi, hata mtoto angeyaelewa. Bi Mkasi akaingia na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na mkate wa kumimina, akasema, "Ahsante mwalimu kwa kunjali. Nsamehe, huyu hana adabu, lakini tutannyoosha." Akaniwekea mto nikae vizuri.

Nilikunywa chai. Nilikula na mkate, vipande viwili. Nikaaga.

Bora ningezaliwa bubu, maana ulimi wangu unajua kushtaki tu.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku ya wazazi.

Mikeka ilijaa. Watoto waliimba, wakaonesha vikapu vyao, wakataja rangi. Afisa ni mama mchangamfu, alikaa chini na watoto, akanusa karafuu, akacheka na ile sabuni. Akasema mbele ya watu kwamba kazi hii iigwe na skuli nyingine. Hayo ndiyo niliyoyataka. Nilisimama pale, kanga mpya mabegani.

Kisha akatazama mpango wangu ukutani. Tafuta Ulete, siku ya pili, mawe ya kuhesabia. Akaniuliza yako wapi, angependa kuwaona wakihesabu.

Bi Raya alikuwa safu ya nyuma, alikuja kwa sababu nilimwalika kabla ya yote haya, na yeye neno lake ni neno. Bi Mkasi alikuwa mbele yake. Mize hakuwepo.

Nikasema bado rangi haijakauka.

Bi Raya akasimama. Akajifunga kanga yake vizuri, akavaa viatu, akaondoka. Hakunitazama. Angenitazama ningepumua.

Afisa akanipa mkono.

Jumapili, 15 Desemba

Nimesema.

Nilimkuta jikoni, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Nikakaa chini kwenye sakafu, si kwenye kibao cha mbuzi ya nazi alichonisogezea. Nikasema yote kwa mpigo, kwa kuwa nikipumua naacha. Kwamba Mize alileta ya kahawia. Kwamba nilimrudisha. Kwamba mkono wangu ndio uliomwonesha kule. Kwamba niliona anakotoka na sikuuliza, nilikuwa nafikiria afisa. Kwamba Faki aliponiuliza nilimtaja mtoto nikajificha nyuma yake, nyuma ya kitoto kile.

Aliendelea kufunga. Mafundo yake mepesi, sawasawa.

Kisha akasema, "N'likuwa najua. Ntoto wa miaka mitano hendi kule peke yake kwa akili yake, anaogopa hata choo cha nje. Miye n'likuwa nakungoja weye useme."

Nikauliza mbona hakumwambia mtu. Mbona alimwacha Mize apigwe.

Mkono wake ukasimama kwenye kamba.

"Hilo la Mize nami limo shingoni mwangu," akasema. "N'lisikia ile bakora. N'lisema, mwache mwalimu aisikie. N'likuwa na hasira na weye, ikampitia yeye."

Hatukulia, wala yeye wala mimi. Nikamwambia nimejaribu kuifuta rangi, haitoki, nitatafuta mengine, nitakwenda pwani mwenyewe, niko tayari kuokota hata mwaka mzima. Akanikatiza. Akaniambia nikalete ndoo.

Akayatoa moja moja akayapanga sakafuni kwa zile nambari, moja, mbili, tatu. Bi Raya alisoma kidogo sana, nambari anazijua kwa kupimia mwani. Lile lenye kovu akalipitisha kidole.

"Usiyafute tena. Mwanangu hakuwahi kwenda skuli. Nambari nitamwambia baba'ke azipindue chini, zimwangalie yeye. Juu watu waone jiwe tu."

Angenitukana ningeweza kujitetea. Hili sina pa kuliweka. Nikatafuta la kusema, nikasema ahsante, neno dogo, baya, halikufaa kitu.

Nilipofika mlangoni akaongeza, "Lakini kwangu si mwisho wa safari. Kamwambie Mize."

Jumatatu, 16 Desemba

Nimewaambia bombani kwanza, asubuhi, wakati foleni ndefu. Nilijua nikianza kwa Bi Mkasi nitaishia hapo, na uvumi utabaki na miguu yake. Niliweka ndoo chini nikasema kwa sauti ya darasani. Mize hakuiba. Mimi nilimtuma, na nilipoulizwa nikamsingizia. Wakanitazama kama niliyevua nguo. Mmoja akasema, "Na miye n'lokupa pole!" Akageuka. Zamu yangu ilipofika hakuna aliyenisaidia kujitwisha. Ni haki yao.

Kisha kwa Bi Mkasi. Alisikiliza amesimama, pakacha la makopa ya muhogo mkononi. Sikumaliza.

"Miye nimempiga ntoto wa mwanangu kwa ulimi wako," akasema. "Nimempiga mpaka kajikojolea. Na weye ukaja ukakaa hapa hapa ukanywa chai yangu."

Nikasema ndiyo.

"Ukala na mkate."

Nikasema ndiyo, nikala na mkate.

Akaketi kizingitini ghafla. Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, na sikuthubutu kumshika. Alikuwa anaililia mikono yake mwenyewe iliyoshika bakora, akiitazama. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Mize alitoka uvunguni kwa sababu bibi yake analia. Nikapiga magoti. Nikamwambia hukuiba, mwalimu ndiye aliyekosea, mwalimu ndiye aliyekutuma, mawe yanarudi, kile kitoto hakina ugomvi na wewe. Nisamehe. Alinisikiliza kwa adabu zake zote. Kisha akaenda kumfuta bibi yake uso kwa ushungi.

Jumanne, 17 Desemba

Faki kayapeleka asubuhi, ndoo mkononi, na kapu la udongo wa kujazia mashimo. Bi Raya alimsindikiza mpaka mwisho wa ua, si zaidi. Mimi nilikuwa dirishani. Alisimama pale mpaka mumewe akarudi na ndoo tupu.

Jioni sahani ya wali na mchuzi wa pweza mlangoni pangu. Imefunikwa kwa kawa. Hakubisha hodi.

Nilikula. Ilikuwa taabu kumeza, nikamaliza yote, kwa sababu kubakisha ingekuwa tusi jingine.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku ya mwisho ya kambi. Watoto si wengi, baadhi ya wazazi wamewazuia, na sikuwafuata majumbani kuwabembeleza. Nimekwenda mwenyewe mbele, nikawaonesha mpaka: uwanja, bomba, mti wa mkungu, hapo basi. Nilitembea nao hatua kwa hatua.

Mize kaja. Bi Mkasi kamleta kwa mkono, kaniambia, "Nitakaa hapa," akatandika kanga kivulini, akakaa asubuhi nzima akinitazama. Sikumlaumu. Kila nilipogeuka macho yake yalikuwa kwangu.

Kadi ya leo: jani jekundu. Chini ya mkungu yamejaa, hata kipofu angeokota. Wenzake walizoa kwa mikono miwili, wakarushiana. Mize alisimama mbele ya jani moja, jekundu lote, halina hata tundu. Akaliinamia. Mikono nyuma.

"Mwalimu, hili la nani?"

Nikasema si la mtu, Mize, limeanguka tu.

"Umeuliza?"

Nikasema sikuuliza.

Akalitazama tena. Kisha akaliruka, kwa uangalifu, asilikanyage, akaenda kukaa kwa bibi yake.

Wakati wa kukusanya vikapu akaniletea chake. Kitupu. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakiweka mezani pamoja na vya wenzake.